Beringi Tatu na Kuku wa Mama Mkwe

Siku hizo nilikuwa na hasira za karibu, tena kiburi cha kuwatosha wanaume watatu. Nilikuwa nimetoka juzi tu mikononi mwa Singasinga mmoja mjini Tabora aliyenifundisha injini, na nilijiona nimemaliza elimu yote. Basi nilipopeleka posa Itetemia, baba wa binti hakuuliza habari za ukoo wangu. Alinionyesha gari.

Lilikuwa gari kuukuu alilouziwa na bwana mifugo wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Sasa lilikuwa limelala uani, na kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Injini ikiwashwa iligonga kama mtu anayetwanga mahindi.

"Jumamosi," mzee alisema. "Ukinifikisha Igalula na kunirudisha bila kelele hizo, harusi ipo. Likigonga, urudi zako kwenu Tura."

Mama wa binti alikwishamchagua karani wa stesheni, mtu wa kucha safi. Hilo niliambiwa na binti mwenyewe, na sikulala vizuri.

Ugonjwa niliujua. Beringi tatu kubwa zinazoshika kranki, ule mhimili unaozungusha injini nzima, zilikuwa zimelika. Mpya zilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, na Singasinga alinionya kwamba nikiziharibu hakuna nyingine. Kila beringi hubanwa na kifuniko chake cha chuma, na kila kifuniko kina mahali pake, hakihami. Cha nyuma kilikuwa kikubwa. Cha mbele na cha kati ungedhani ni pacha. Singasinga alinifundisha kuvigonga alama kwa patasi kabla ya kuvifungua: nukta moja, nukta mbili, nukta tatu. Nikaona hayo ni mambo ya wanafunzi. Niliviosha, nikavipanga kwa mfuatano wake kwenye ungo niliouona karibu, nikaenda kula.

Kula nako kulikuwa na kazi. Kwetu Unyamwezini mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Posa ilikuwa bado haijajibiwa, lakini adabu haikusubiri jibu. Nikiingia uani nilikohoa ili mama aingie ndani. Yeye akitaka kutoka alikohoa ili mimi nijifiche nyuma ya ghala. Siku ya tatu jirani, mtu mwema sana, aliniletea dawa ya kifua.

Ijumaa asubuhi nilijilaza chini ya gari, lililoinuliwa juu ya magogo, nikafunga vifuniko vyote vitatu. Nikajaribu kuzungusha kranki. Ikakataa. Nikalegeza nati, ikazunguka. Nikakaza, ikagoma kabisa. Hasira zikanipanda. Nikamtukana bwana mifugo, nikawatukana waliolitengeneza gari huko Ulaya, nikamalizia na fundi wa reli aliyezishusha beringi stesheni, ambaye hakunikosea lolote. Kisha nikakata shauri kwamba beringi ni nene mno. Nikafungua kifuniko cha mbele, nikaitoa beringi yake mpya inayong'aa, nikashika kisu cha kukwangulia.

Hapo nikaona miguu. Mama mkwe alikuwa ameweka kigoda chake hatua mbili kutoka gurudumu, amenipa mgongo, anabangua karanga. Nikakohoa. Hakuondoka. Nikakohoa tena, kwa nguvu, hadi nikajigonga kichwa kwenye injini.

"We kuku," alisema, akimwelekea kuku mwekundu aliyekuwa akidonoa maganda, "mwambie huyo anayekohoa kwamba leo siingii ndani."

Kuku hakusema kitu. Akaendelea kudonoa.

"Tena mwambie, juzi niliutaka ungo wangu nianike karanga. Nikavitoa vyuma vyake, baadaye nikavirudisha. Kile kikubwa nilikikumbuka. Vile viwili vinavyofanana, sijui kipi kilikuwa wapi. Sasa namsikia anatukana watu ambao hawapo. Ajaribu kuvibadilisha kwanza."

Nilibaki nimelala, kisu mkononi. Mkwaruzo mmoja tu na beringi ile ingekwisha kazi yake, na harusi nayo. Mama yule hakuhitaji kusema uongo wala kunifanyia ubaya wowote ili ampate karani wake. Alihitaji kunyamaza tu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama kosa ni langu, sikuweka alama. Na umwambie shikamoo."

Karanga ziliendelea kupasuka, moja, mbili, tatu.

"Kuku, mwambie marahaba."

Niliirudisha beringi mahali pake, nikabadilisha vifuniko. Nikakaza nati zote mpaka mwisho, nikaishika kranki kwa mkono mmoja, ikazunguka laini bila kusita. Kabla ya jambo jingine lolote nilichukua patasi nikagonga nukta zangu, moja, mbili, tatu.

Jumamosi tulikwenda Igalula na kurudi. Mzee alisafiri kichwa kimetoka dirishani, akitafuta ule mlio wa kugonga wa zamani, na alirudi na vumbi hadi kwenye kope. "Haligongi," alisema, kama mtu aliyenyimwa kitu. Kisha akanipa mkono.

Siku ya kuandaa karamu ya harusi, mzee yuleyule aliagiza kuku wachinjwe, wa kwanza awe yule mwekundu kwa kuwa ndiye aliyenona. Nikasema hapana. Akaniuliza kwa nini. Nilisimama pale natazama viatu vyangu, wageni wananitazama mimi, na kisu kimekwishanolewa.

Ndipo kutoka jikoni, nyuma ya pazia, nikasikia sauti ikisemeza chungu.

"We chungu, waambie wamwache huyo. Mshenga wa mwanangu hachinjwi."