Miwani ya Kusogeza Puani

Niliondoka Tunduru kwa sababu ya sindano. Mjomba Issa, fundi cherehani aliyenipokea nilipomaliza darasa la saba, alisema wazi: "Mpwa wangu, fundi asiyeweza kutunga uzi si fundi. Nenda Songea ukapimwe macho. Wakishindwa, utarudi kwenye mikorosho."

Macho yangu ni hafifu tangu nizaliwe. Shuleni nilisoma nikiwa nimeinamia daftari, wenzangu wakaniita Mnusaji. Basi nikajizoesha kushika kila kitu mbali na uso, hata kama sikioni, mradi nisichekwe.

Basi liliondoka alfajiri. Vumbi liliingia kwenye kila upenyo. Abiria walionyeshana ngedere na lori lililokwama mchangani. Mimi nilijua tumefika Namtumbo niliposikia wauza mahindi ya kuchoma wakigombania madirisha.

Jioni nilifika Songea, mtaa wa Lizaboni, kwa shangazi Mwanaidi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huyo mjomba wako anakulisha vifungo?"

Asubuhi hakunipeleka hospitali, alinipeleka kwanza kwenye mitumba. "Siku hizi sokoni kuna kila kitu," alisema, "hata macho." Kweli, kulikuwa na rundo la miwani limechanganyika na mikanda.

"Jaribu hii, kijana," alisema muuzaji. "Mzungu mwenyewe aliivaa akaona mpaka mchwa."

Nilijaribu nyingi. Kila mara shangazi alisimama hatua chache mbele yangu, akainua mkono na kuniuliza ni vidole vingapi. Mwishowe nikabahatisha: "Vitatu."

"Nimekunja ngumi, baba," alisema kwa sauti ya chini. Akanishika mkono, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mama mpole. Alinimulika macho kwa muda mrefu, kisha akasema, "Macho haya hayatakuwa kama ya wengine, na miwani haitayaponya. Ila kuna kazi yanazoweza kufanya." Akanivalisha miwani yenye vioo vinene na kunipa karatasi yenye maandishi. Nikainyoosha mbali, kama kawaida yangu. Ukungu mtupu. Nikaiona mikorosho inaningoja.

"Haifai," nilisema.

"Sogeza."

Nikasogeza kidogo.

"Sogeza tena, mpaka puani. Vioo hivi ndivyo vinavyotaka."

"Watu watanicheka."

"Wanaosoma ni hao watu au ni wewe?"

Nikasogeza. Herufi zikasimama, nyeusi, moja moja. Nikachomoa sindano niliyokuwa nimeichomeka kwenye kola ya shati langu, kama wafanyavyo mafundi, nikaileta usoni. Kwa mara ya kwanza nikaona tundu lake. Shangazi alisema "Alhamdulillahi" mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia.

Safari ya kurudi ilikuwa na vumbi lilelile, na ngedere bado sikuwaona. Miwani hii si ya mbali. Nimejifunza kwamba chombo kizuri kina namna yake ya kutumiwa, na aibu yangu ilikuwa imenifundisha namna isiyofaa.

Tunduru, asubuhi iliyofuata, nilikaa barazani kwa mjomba na sindano puani.

"Fundi Issa," mteja mmoja akauliza, "huyu anashona au ananusa?"

Watu wakacheka. Mikono yangu ilitaka kushuka. Sikuishusha. Uzi ukapita.

Mjomba alikuwa akilamba ncha ya uzi wake na kukosa tundu la sindano, akilamba tena na kukosa. Akaiweka sindano yake kwenye goti langu.

"Ukimaliza hiyo," alisema, "nitungie na hii."