Mtoto Aliyeketi na Mama Bustanini

Habari hii nimewahi kuisimulia mara tatu, na mara zote kuna mtu alinicheka. Na wewe cheka ukitaka, ila niache nimalize. Ilitokea hapahapa Mpanda, mchana, watu wamejaa. Mimi ni mtu mzima, fundi cherehani, sina sababu ya kumzulia uongo mama yangu mzazi, tena sasa ni marehemu.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Mume wangu alikuwa Majimoto kwenye mambo yake ya mpunga, kwa hiyo nikawachukua wanangu wawili na mama, tukatoka nyumbani Shanwe kwenda ile bustani kubwa ya mapumziko mjini. Mama alikuwa anakaa kwangu tangu magoti yalipomshinda kule Katumba. Siku hiyo alivaa gauni lake la kanisani, akawa anataniana hata na dereva wa bajaji. Tukatandika kitenge kwenye majani, tukala wali na kuku niliobeba kwenye hotipoti, watoto wakakimbilia bembea. Nikamwambia mama, "Kaa hapa, nafuata soda."

Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi nilimkuta amekaa na mtoto wa kike, wa miaka minne hivi, peku, kichwa kimenyolewa. Mama alikuwa anamlisha wali kwa mkono, anaongea naye Kirundi. Kirundi! Wazazi wetu walitoka Burundi, ila sisi tumekulia huku, mama alitulea kwa Kiswahili. Kirundi alikitoa kwenye misiba tu, na akiwa anasali peke yake. Halafu nikaliona gauni la yule mtoto. Lilikuwa linachuruzika maji, na jua lilikuwa la kuunguza. Bustani ile haina bwawa wala mfereji. Hayo maji aliyatoa wapi?

"Mama, huyu mtoto wa nani?"

"Wa kwangu," akajibu, bila kuniangalia.

Nikacheka, nikidhani ni utani. Nikachutama, nikamuuliza mtoto, "We mrembo, mama yako yuko wapi?" Alimtazama mama, akamuuliza kitu kwa sauti ndogo. Kirundi changu ni cha kuokoteza, lakini hilo nililielewa vizuri.

"Mama, tumeshavuka?"

Mama akamshika mkono. "Tumevuka, mwanangu. Tumevuka zamani."

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi niliona mama amechanganyikiwa kwa uzee, ameshika mtoto wa watu. Na unajua siku hizi mtoto akipotea watu hawaulizi, wanapiga. Kulikuwa na dada mmoja aliyetandika mkeka karibu yetu, ameshaanza kutukodolea macho. Nikaingiwa na hofu. Getini alikaa mlinzi mwenye kipaza sauti, anatangaza watoto waliopotea.

"Mama, mwachie nimpeleke akatangazwe."

"Usimchukue."

"Mama, watatupiga!"

"Nakuomba, mwanangu. Kidogo tu."

Mama hakuwahi kuniomba kitu maisha yake yote. Na mimi nikavifungua vidole vyake, kimoja kimoja, nikamtoa yule mtoto mkononi mwake.

Mkono wa mtoto ulikuwa wa baridi, unateleza. Nilitembea naye na nilihisi kabisa ananivuta kurudi nyuma. Tulipofika karibu na bembea ukaniponyoka. Niamini, hakukimbia, sikusikia hata hatua moja. Nilikuwa nimeshika, halafu nikawa sijashika kitu. Nikageuka huku na huku. Yule dada alikuwa ananifuata kwa nyuma, nikamuuliza, "Umemwona mtoto niliyekuwa naye?"

"Wa gauni bichi? Si umemshika sasa hivi!" Akaanza na yeye kuangaza. Kisha akarudi nyuma taratibu, akawaita wanawe, akaondoka nao bila hata kukunja mkeka wake.

Nilirudi kwa mama mikono mitupu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Na wewe umemwachia?"

Jioni ile, nyumbani, ndipo aliponieleza. Walipokimbia vita Burundi walivuka mto Malagarasi gizani, maji yanafika kifuani. Mgongoni alimbeba kaka yangu Zabuloni, mchanga. Mkono mmoja umeshika bega la mtu wa mbele yake, mwingine umemshika binti yake wa kwanza, Goreti. Katikati ya mto mbeleko ikalegea, mchanga akaanza kuteremka kwenye maji.

"Hakuniponyoka," mama akaniambia. "Nilimwachia mwenyewe, nimshike kaka yako."

Baba alikataza jina lile lisitajwe tena nyumbani. Alikufa nalo, na sisi tulikua bila kulisikia hata siku moja.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda bustanini. Mama aliniomba nimshonee gauni la mtoto wa miaka minne, akawa analibeba kwenye mkoba, kavu, limepigwa pasi. Tulikaa mpaka walinzi wanafunga geti. Goreti hakuja tena. Mama naye alianza kukonda, chakula kikamshinda, na kabla ya mvua kuanza akatutoka.

Tulimzika Katumba. Nilimwomba katekista amtaje na Goreti kwenye sala, na alipomtaja, kaka yangu, mzee wa watu sasa, ana wajukuu, akaniinamia. "Goreti ni nani?" Nikamweleza palepale, udongo bado unatupiwa. Alikaa chini na suti yake. Mpaka leo hunipigia simu asubuhi, hata kunisalimia hanisalimii, anauliza tu alikuwa anafanana na nani. Nimeshamjibu mara nyingi. Anauliza tena.

Kwa hiyo nyie mlio na wazee, nawaomba. Ukimkuta mzee wako ameshikana mkono na mtoto usiyemjua, usikimbilie kuwatenganisha. Kaa nao kwanza. Muulize huyo ni nani, na anayekutazama vibaya mwache atazame. Mtoto wa watu hata akitangazwa baada ya nusu saa atapata wenyewe. Mimi mama aliniomba kidogo tu, nikamnyima.