Jovitha Asiporidhika, Kabati Halifunguliwi

Saa mbili asubuhi, Jovitha anafuta meza ya duka la dawa, Bukoba mjini. "Mji huu hauna anayezijua dawa kuliko mimi," anasema, kisha anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Kikohozi kina wiki ya tatu. "Hiki tu ndicho ambacho hakijapata habari zangu."

Mjane huyu aliyeishia darasa la nne aliajiriwa hapa kufagia mwaka 1945. Mwenye duka, Bwana Hasmukh, akamfundisha kusoma vibandiko vya chupa. Sasa, miaka tisa baadaye, anapata shilingi arobaini kwa mwezi, na binti yake anasoma. "Namshukuru Mungu, halafu Bwana Hasmukh. Mungu kwanza, asije akaona wivu."

Kwa sheria, aspirini huuzwa hata kwenye maduka ya chumvi na mafuta ya taa. Sumu, pamoja na dawa za usingizi, hufungiwa kabatini. Huuzwa na mwenye leseni tu, na mnunuzi huandika kitabuni jina, kijiji na kazi ya sumu hiyo. Ufunguo uko shingoni mwa Bwana Hasmukh, lakini maswali ni ya Jovitha. Wakikosea, leseni inakwenda, na mshahara nyuma yake.

Mwaka jana Lameki wa Rwamishenye alitaka dawa ya usingizi kwa mtoto aliyelia usiku kucha. Jovitha akamnyima, akamhimiza ampeleke hospitali. Kumbe nimonia! Mtoto sasa anakimbiza kuku, na kila mwezi Lameki huleta mkungu wa ndizi.

"Natamani siku moja ufunguo ule ukae shingoni mwa binti yangu," anasema Jovitha.

Mara anaingia mzee Rugaibula, jirani wa Lameki, akichechemea.

"Nipe sumu, mwanangu. Panya wanamaliza maharage yangu."

"Pole, tata waitu," anasema Jovitha kwa Kihaya, yaani baba yetu. "Na mguu?"

"Nilijikwaa."

"Ukajikwaa, suruali ikachanika nyuma?"

"Nilijikwaa kinyumenyume!"

Bwana Hasmukh anashika ufunguo. "Tayari, Jovitha?"

"Bado, Bwana. Tata, panya hao wakubwa kiasi gani?"

"Wakubwa sana. Wana meno!"

Wakati huohuo Lameki anatokea na mkungu wake kichwani, mbwa wake nyuma. Mbwa ananusa hewa, anamtazama Rugaibula, ananguruma. Kufumba na kufumbua, mzee yuko juu ya benchi, mguu hauumi tena.

Jovitha anafungua kitabu, anachovya kalamu kwenye wino, anamnyooshea mzee.

"Shuka uandike kazi ya sumu, tata waitu. Panya wako amefika."