Maji Yaliyonifuata

Mlio wa maji membamba yakianguka kwenye beseni la bati hunirudisha mpaka leo kwenye uwanja wa nyumba yetu, upande wa Luano, kiangazi nilipokuwa na miaka tisa. Mwezi wa saba Lubumbashi ina baridi asubuhi, na hewa hukauka mpaka midomo inapasuka. Nilikuwa nimechana nywele kwa kichana cha plastiki, nikakisugua kwenye sweta kwa mchezo tu, kisha nikainama bombani kunawa uso.

Maji yakapinda.

Ule uzi wa maji uliacha njia yake, ukasogea kwenye kichana kimyakimya, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nilipokiondoa, ukanyooka. Nilipokirudisha, ukaja tena.

Nyuma yangu alikuwa tantine Georgette, dada wa baba, aliyekuwa anakaa kwetu tangu azike mtoto wake wa pili, wa kwanza naye akiwa amekwisha kuzikwa. Hakupaza sauti. Aliniuliza polepole, "Ni nani alikufundisha kuita mayi?"

Kuanzia mchana ule alikula peke yake. Jioni nilimsikia akinishtaki uchawi kwa mama, "Uyu mutoto iko na bulozi. Kesho tumupeleke kwa maombi, bamufungie kule." Nilimjua mtoto mmoja aliyefungiwa kule kanisani. Alirudi amekonda, na hakusema tena. Ninyi mnaonisoma msinicheke: na mimi nilianza kuamini. Niliificha mikono kwapani, nikaogopa hata kushika kikombe cha maji.

Yaya Clarisse, dada yangu mkubwa, alikuwa anasoma kemia sekondari. Asubuhi alituita wote bombani. Alipitisha kichana kwenye nywele zake, na maji yakapinda kwake pia. Kisha akamimina mafuta ya kupikia, membamba vilevile; yakaanguka wima, hayakujali kichana. Mama aliguna kwa ajili ya mafuta yake.

"Haiko bulozi," alisema yaya, akichora mchangani duara kubwa lenye viduara viwili, kama kichwa na masikio. "Oksijeni na hidrojeni mbili banagawana elektroni, lakini oksijeni iko na choyo, inazivuta kwake. Na molekuli yenyewe imepinda. Ndiyo maana upande moja iko negatifu, ingine pozitifu, na kichana inaivuta. Mafuta haiko vile."

Akampa tantine kichana. "Na weye jaribu."

Tantine akakipitisha nywelani, akakisogeza. Maji yakamfuata. Nilicheka kwa furaha, maana nilikuwa nimeokoka. Yeye aliyatazama, kisha akakaa chini kwenye tope.

"Basi ni miye," alisema.

Hakunipeleka popote. Wiki ileile alirudi kwao Pweto, nami nikadhani ameona haya ya kushindwa. Ilibidi miaka ipite, nikeshe na mimi kando ya mtoto wangu mwenye homa, ndipo nikaelewa alichokuwa akitafuta katika mikono yangu: sababu ya vifo vile. Tulimweleza maji vizuri sana. Juu ya wanawe, hakuna aliyemwambia neno.