Mbwa Asiyebweka

Tangu jambazi aliyefunika uso aingie kituo cha mafuta anakofanya kazi na kumwekea kisu shingoni, Verna Tackett huvaa bastola kiunoni, chini ya koti, hata akifagia. Lakini siku hizi kinachomtisha zaidi ni mkono wake mwenyewe. Juzi mzee Harl, anayekuja kila asubuhi kunywa kahawa, aliingia kwa mlango wa nyuma akakuta mdomo wa bastola unamtazama.

"Utaua mtu wewe," mjomba wake Orbin akamwambia. "Kopo ukililenga unalitoboa, najua. Ila kopo halikushtui. Njoo tukawinde sungura, kwa bastola hiyohiyo, chini ya koti hilohilo."

Basi ndiye huyo amesimama juu ya kisiki, theluji pande zote, kizibao cha rangi ya chungwa juu ya koti ili aonekane. Sungura akiibuliwa na mbwa huzunguka akarudi alikotoka. Kazi ya Verna ni kungoja. Bondeni mbwa wanabweka, sauti zinakaribia.

"Macho, Verna!" Orbin akapaza sauti kutoka juu mlimani. "Anakuja huyo! Usije ukanipiga mimi, sina nyama!"

Hakucheka. Mara kichaka cha miiba mbele yake kikatikisika. Mbwa walikuwa bado mbali, kushoto. Basi huyu ni sungura. Bastola ikawa mkononi kabla hajajua ameichomoa. Kitu cha kahawia kikasogea, na weupe kidogo. Kidole kikaanza kuvuta.

Kichwa kiko wapi? Hajaona kichwa, hajajua ni nini.

Akakilegeza kidole, akangoja. Miiba ikaachana, akatokea Tansy, mbwa jike mzee wa Orbin aliyekauka sauti tangu mwaka jana, ambaye siku hizi hupita njia ya mkato kimyakimya. Akaketi, akatikisa mkia.

Sungura mwenyewe alipita nyuma ya kisiki. Verna hata hakumwona.

"Mbona kimya? Umelala?" Orbin akaita.

"Nusura nimuue Tansy, mjomba."

Orbin akashuka, akampapasa mbwa masikio muda mrefu. Safari hii hakutania. "Ulingoja nini?"

"Kichwa."

"Haya. Twende nyumbani."

Kesho yake asubuhi, kituoni, mlango wa nyuma ukalia. Mkono wa Verna ukaruka kiunoni, ukatua juu ya bastola, ukabaki hapo.

"Nani?"

Kimya. Viatu vinaburuzwa.

"Nani wewe? Sema!"

"Harl! Nani mwingine anakunywa hayo maji ya kuoshea vyombo unayoyaita kahawa?"

Verna akauondoa mkono kwenye bastola, akammiminia.