Zima-Washa na Logi Zilizofutika

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa na tiba moja kwa kila mashine inayosumbua: zima, washa. Aliwafundisha wauguzi, makarani, mpaka daktari mkuu, nao wakambandika jina la Mama Zima-Washa. Alilipenda, ila leo lilimgeukia.

Tangu asubuhi mfamasia alishindwa kuingia kwenye mfumo, na bila mfumo dawa haitoki. Akiandika nenosiri, ile huduma ya mtandaoni inayohakiki kila mtu kabla ya kumfungulia ilimrudisha pale pale alipoanzia. Benchi lilijaa. Mbele kabisa aliketi bibi mmoja mwenye pumu, anahema kwa taabu, akisubiri dawa yake ya kuvuta.

Mfamasia alikuwa dada wa mume wa fundi, kwa hiyo hata kugombana kulikuwa na mipaka.

"Wifi yangu ana shida dirisha la dawa," fundi alimwambia karani wa mapokezi akikimbia.

"Wifi ina shida tena?"

"Ana, siyo ina! Lo!"

Fundi akawapigia simu wenye huduma, wakajibu: watumiwe logi, zile rekodi za kila hatua ya mfumo. Yaani fundi awashe kurekodi, mfamasia ajaribu kuingia, akwame, kisha rekodi zikusanywe. Kazi nyepesi, jamani! Akawasha, akapanda ghorofani kuikagua seva. Kurudi, anakuta kompyuta ndiyo kwanza inawaka upya, rekodi zote zimefutika.

"Ilikwama," mfamasia alisema. "Nikazima, nikawasha."

"Wifi! Usiguse kitu, nakuomba!"

Akaanza upya, akapanda tena. Safari hii aliyezima na kuwasha alikuwa muuguzi mpita njia.

"Nani kakutuma?" fundi alifoka.

"Si tiba yako mwenyewe, mama?"

Fundi alishika kiuno. Akavuta kiti, akakaa ubavuni mwa wifi yake. Mfamasia akajaribu, akakwama, na logi zikasalimika. Hata kuzituma hakukuwa na haja, maana kosa lilionekana waziwazi: saa ya kompyuta ilikuwa nyuma kwa miaka. Kibetri cha saa kilikuwa kimekufa, hivyo kila mashine ikizimwa saa inarudi nyuma, na huduma ikiona saa ya uongo inakataa mtu.

"Kumbe kila tukizima tunajifungia mlango wenyewe!" Fundi alijisikia vibaya, tena vibaya sana. Akarekebisha saa, na mfumo ukafunguka hapo hapo. Benchi zima likashangilia.

Mfamasia akachukua dawa ya kwanza, akaita jina la bibi. Akaita tena.

"Yule wa pumu?" alisema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Alichoka kusubiri. Kaondoka zamani, tena alikuwa anajikokota."

Fundi aliinyakua ile dawa kaunta, akatoka mbio mpaka getini. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Barabara ilijaa watu, na yeye hata sura ya yule bibi hakuwa ameitazama vizuri.