Mlima Si Fundi

Mwanangu, asubuhi nimekuona ukiuzunguka uwanja wa soko la Kimulot. Nafasi zilikuwa tele, lakini ukaenda kuegesha kule mteremkoni, pua ya gari ikitazama chini. Nikacheka peke yangu. Ugonjwa huo naujua, na nusura wewe uzaliwe matopeni kwa sababu yake.

Sijaisahau siku ile. Nilikuwa na pikapu ya kubebea maziwa. Ikiwa baridi iliwaka vizuri, lakini ikishapata moto, ole wako uizime. Sisi wa nchi ya majani chai tumezaliwa vilimani, basi sikusumbuka. Naegesha mteremkoni, naachilia breki, inashuka, naingiza gia, inanguruma. Madereva wenzangu walifanya hivyo hivyo, na tuliuona ni ujanja.

Kisha mama yako Chebet, mdogo wangu, akashikwa na uchungu wako. Nikampakia twende hospitali ya Kapkatet, tukapitia kwa Baba kumchukua Mama. Mvua ilikuwa imenyesha, na boma la Baba ni tambarare. Nikazima, maana nani humsalimu babake injini ikinguruma? Kuwasha tena: ta! Nikarudia: ta! Tukasukuma, magurudumu yakazama. Chebet akapiga ukemi. Mwanangu, niliogopa kweli.

Baba, aliyekuwa dereva wa trekta siku zake, hakuharakisha hata kidogo.

"Inakataa saa gani?"

"Ikiwa moto tu, Baba."

"Inazunguka halafu haishiki, ama inalia tu hivyo?"

"Inalia tu hivyo."

"Basi si petroli, ni umeme. Imeanza lini?"

"Tangu mvua ya mwaka jana. Lakini mimi hupaki tu kwa mteremko."

Akanitazama. "Kumbe fundi wako ni mlima!"

Akafunua boneti, akaniambia nijaribu tena, huku ameshika ule waya mweusi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Penye bolti ulikuwa wa moto, akauachia upesi, akipuliza vidole. Palikuwa na kutu, na kutu na joto vikikutana, stata, ile mota ya kuwashia injini, hukosa nguvu. Akafungua, akakwangua kwa kisu chake, akakaza.

"Washa."

Ikaitika mara moja, ikajinasua matopeni! Nililia kwa furaha nikiwa nimeshika usukani, na Mama akawa anamshukuru Mungu hadi tunafika. Ulizaliwa juu ya kitanda safi, ukipiga kelele kuliko ile pikapu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Kitu kikikusumbua, kiulize maswali ya Baba: kinakataa saa gani, kinakataa vipi, kilianza lini. Usikizoee kwa kuwa umepata mteremko, kwa sababu siku ya shida itakukuta tambarare. Na si gari peke yake, hata nyumba yako na moyo wako.

Haya, funua boneti tuangalie. Mungu akulinde barabarani, na popote utakapozimika, akuwekee mtu wa kukuuliza.